Mwanga Usiotoka Ijumaa

Simu ya mezani ya Bipin ilikuwa imefunikwa kitambaa chekundu, na kando yake iliwaka taa ndogo ya samli, mchana kweupe, katikati ya duka la spea. Inspekta Tryphosa Nyamoita aliitazama taa, akamtazama Bipin, kisha akajivutia kiti bila kukaribishwa. Alikuwa ametoka Nyamira asubuhi hiyo ya Ijumaa kuja Kisii mjini kwa kesi ya wizi wa simu ya mkononi. Hakuna aliyemtahadharisha kwamba angekuta simu nyingine imewekewa taa kama maiti.

"Ni Rekha ameiweka," Bipin alisema, akiona haya. "Mke wangu anasema isizimwe mpaka hii kitu iishe."

"Kitu gani, Bwana Bipin? Nianzie mwanzo, na usiruke sehemu yoyote."

Bipin alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. Alizaliwa hapo hapo Kisii, akasoma hapo, na wateja wake aliwajibu kwa Kigusii safi kuliko cha askari wengi. 

"Mimi na Manasseh Onsongo tulikuwa na kampuni ndogo, limited, ya kubeba majani chai na ndizi. Mwaka jana kampuni ikachukua simu ya mkononi. Laini iko kwa jina la kampuni. Manasseh ndiye alikaa nayo kule Kebirigo, lori likikwama ananipigia hapa dukani. Gharama yote tunaiweka kwa matumizi ya kampuni, watu wa kodi wanakubali. Hakuna ujanja hapo, Madam."

"Sijasema kuna ujanja."

"Manasseh akafa. Malaria ile iliyomaliza watu milimani. Tukamzika. Sasa bili mpya imekuja, na watu wa kodi wanauliza: mkurugenzi wenu amekufa, ni nani huyu anaendelea kupiga simu kwa kazi ya kampuni? Mimi nataka barua ya polisi tu, kwamba simu imeibwa. Nitoe gharama za baada ya mazishi, zile zingine zikubaliwe."

Tryphosa alikaribia kucheka. Mtu amefiwa na mwenzake wa kazi, na kinachomkosesha raha ni matumizi ya simu. Kicheko hakikufika mdomoni, kwa sababu aliuliza swali lililofuata.

"Huyo mwizi anampigia nani?"

Bipin alinyoosha kidole kwenye kitambaa chekundu.

"Hapa," alisema. "Jioni, tukianza kufunga. Nikishika, hakuna mtu. Kuna upepo, na mtu anapumua. Mimi nasema halo, halo. Yeye ananisikiliza tu. Halafu anakata."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Si kila jioni," sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma ya rafu za boliti. Rekha alijitokeza akiwa amejitanda shali hadi kidevuni. "Ijumaa hailii. Na Jumamosi inachelewa, mpaka giza liingie. Mimi ndiye hubaki nikifunga duka, mimi najua."

Tryphosa aliyaweka maneno hayo akilini bila kujua ya nini. Kisha akamgeukia Bipin.

"Kwa hiyo Manasseh alikuwa mkurugenzi. Si mfanyakazi wako."

"Kwa watu wa kodi, ndiyo. Mkurugenzi."

"Na kwa watu wengine?"

Bipin alirudisha miwani usoni na kuanza kukinyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na kunyanzi.

Jambo la pili halikumhusu Bipin, nalo ndilo lililokuwa limemnyima Tryphosa usingizi. Chifu msaidizi wa upande wa Kebirigo alikuwa ameleta habari kituoni kwamba vijana wa huko wameapa kumchoma mama mzee mmoja, Kemuma, ndani ya nyumba yake. Tangu Manasseh azikwe, kila jioni ilionekana nuru juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba ya huyo mama. Nuru ya kijani, ikiwaka na kuzimika. Kule kila mtoto anajua kwamba omorogi, yaani mchawi, hutembea na chungu cha makaa. Akikifunua moto unaonekana, akikifunika unapotea. Nyumba zilikuwa zimechomwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo, na Tryphosa aliwahi kuokota mifupa kwenye majivu ya mojawapo. Vijana walikuwa wametaja siku kabisa. Wengi wao walikuwa Wasabato, hivyo wangengoja jua la Jumamosi litue ndipo waende.

Nuru kilimani jioni, na simu inayolia jioni ikiwa na upepo ndani yake. Tryphosa aliinuka.

"Mtandao unashika kule Kebirigo?"

"Chini haushiki," Bipin alisema. "Manasseh alikuwa anapanda kilima."

Alipofika Kebirigo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika, na mashamba ya chai yalitoa mvuke uliopanda polepole kati ya migomba. Mtu wa hatua kumi mbele ulimsikia kabla ya kumwona.

Kemuma alikuwa akichambua maharagwe mlangoni, rozari shingoni. Alikuwa Mkatoliki pekee katika kijiji hicho, na nyumba yake ya udongo ilikuwa na mlango mmoja tu. Tryphosa aliutazama mlango huo, njia pekee ya kutokea, muda mrefu kuliko alivyotaka.

"Magokoro, bibi yangu, umewahi kuuona huo mwanga?"

"Nimeuona," bibi alisema. "Nikauogopa kama wao. Naingia ndani najifunika blanketi. Wao wakiogopa wanakuja na mawe. Mimi nikiogopa niende wapi?"

"Uende kwa binti yako, Ogembo. Nitakupeleka mwenyewe leo hii."

Kemuma alitupa haragwe bovu uani.

"Nikikimbia nitakuwa nimekubali. Na nyumba wataichoma bado, na huko Ogembo watafuata jina langu. Hapana. Mimi niko."

Tryphosa alikasirika, akashika njia ya sokoni.

Sokoni watu walikuwa wakifunga mapema, wakiharakisha maji na kuni kabla Sabato haijaingia. Ogoti, mdogo wake marehemu, alikuwa akivuta mlango wa kibanda chake. Hapo ndipo watu walipoleta betri za redio zichajiwe, na Tryphosa alikuwa na sababu nzuri ya kumshuku: simu ile haikai siku nyingi bila kulishwa umeme, na vijijini umeme haukuwepo. Tena ni yeye aliyekuwa akiwaongoza vijana.

"Simu ya kaka yako iko wapi, Ogoti?"

"Iko na yeye."

"Yeye nani?"

"Kaka. Tulimzika nayo, Madam. Alikuwa anaipenda kuliko hata hiyo lori. Niliiweka mimi mwenyewe mfuko wa koti, watu wakiona. Halafu mimi ndiye nilipiga jeneza misumari."

Alisema bila kupepesa macho. Kule mjini simu inalia na mtu anapumua. Huku wanasema simu iko futi sita chini.

"Huo mwanga ukionekana, wewe huwa wapi?"

"Barabarani, na hawa wenzangu. Tunalinda. Uliza mtu yeyote. Unatoka pale juu, sisi wote tuko chini tunaangalia, hakuna mtu anathubutu kupanda." Alifunga kufuli. "Huyo mama alimla kaka yangu. Kesho Sabato ikiisha, itaisha."

"Ukimgusa nitakufunga."

"Utanifunga, ndiyo," Ogoti alisema, bila kiburi. "Lakini yeye atakuwa ameacha kutumaliza."

Tryphosa aliulizia, na ikawa kweli: watu wengi walimwona Ogoti barabarani kila mwanga ulipotokea. Mshukiwa wake wa kwanza akawa ameponyoka.

Tryphosa alikata shauri kupanda kilima yeye mwenyewe. Alifika juu giza likianza kuchanganyika na ukungu, akajikunyata kwenye majani chai yaliyolowa, bastola kiunoni, meno yakigongana. Palikuwa na jiwe bapa, na mbele yake nyasi zimelala kwa kukanyagwa na mtu mmoja anayesimama pale pale kila mara. Nyayo zilikuwa ndogo, za viatu vya plastiki. Alingoja. Kuna wakati alisikia kitu kikipumua karibu na sikio lake, na moyo ukamwenda mbio mpaka alipogundua ni pumzi yake mwenyewe. Hakuna aliyekuja. Hakuna kilichowaka.

Ndipo nyimbo zilipoanza kule chini. Zilitoka nyumba hii, zikajibiwa na ile, zikipenya ukungu bila kuonekana zinakotoka. Watu walikuwa wakiifungua Sabato. Boma la Manasseh lilikuwa likiimba. Nyumba ya Kemuma ndiyo iliyokuwa kimya.

Tryphosa alilelewa kwenye nyimbo hizo. Mama yake, Mungu amrehemu, jua likitua Ijumaa hakugusa hata kijiko kichafu mpaka jua la kesho yake litue. Alikumbuka maneno ya Rekha na akainuka wima kwenye baridi ile. Ijumaa hailii. Jumamosi inachelewa mpaka giza liingie. Ni mchawi gani anayeshika Sabato? Huyu alikuwa Msabato, tena mwenye kumcha Mungu. Kemuma, na rozari yake, hakuwa na haja ya kupumzika siku hiyo.

Jumamosi asubuhi aliitumia kituoni Nyamira akiomba askari na gari. Aliahidiwa Land Rover itafuata, mafuta yakipatikana. Akarudi Kebirigo peke yake, akaingia bomani kwa Manasseh wakati watu wote wako kanisani.

Alianza na kaburi. Udongo ulikuwa umeshikamana kwa mvua, nyasi changa zimeota juu yake bila kovu. Hakuna jembe lililopita hapo tangu siku ya mazishi. Basi simu haikutolewa kaburini, haikuingia kabisa. Kisha akalikagua lori la kampuni, lililoegeshwa chini ya mkaratusi tangu mwenyewe augue. Matope yalikuwa yamelifunika lote, isipokuwa ukingo wa boneti, uliosuguliwa na mikono. Alipoifungua alikuta waya mwembamba umefungwa kwenye vichwa vya betri, ncha zake zikining'inia, za kulishia simu umeme.

Gladys, mjane, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kichwa kimenyolewa. Hakuwa ameenda kanisani. Ukoo ulikuwa umempiga marufuku kutoka bomani mpaka mila za kufiwa zimalizwe. Mchungaji alinung'unika, lakini ukoo ulikuwa na neno lake. Alimwona inspekta akifunga boneti, na hakuuliza anatafuta nini.

"Pole kwa msiba, mama," Tryphosa alisema, akachuchumaa mbele yake. "Viatu vyako vya plastiki viko wapi?"

Gladys aliificha miguu yake chini ya gauni, lakini alikuwa amechelewa.

"Nani alikaa na jeneza mara ya mwisho kabla Ogoti hajalifunga?"

"Mimi," alisema, kwa sauti ya chini. "Mke ndiye huaga mwisho."

"Ukaitoa mfukoni."

"Nikaweka kitabu chake cha nyimbo mahali pake, ili koti lisilegee." Machozi yalimtiririka bila sauti. "Bipin alikuja hapa akaniletea bahasha. Akasema ni mshahara wa mwisho wa dereva. Dereva! Mume wangu aliuza ng'ombe wetu kuanzisha hiyo kampuni. Mimi makaratasi sijui. Lakini Manasseh aliniambia hivi: kampuni ikilipa hii simu, jua mimi ni wa kampuni. Siku wakiikata, jua wamenitoa. Sasa naenda kila jioni kuangalia kama imekatwa. Namba ninayoijua ni ya dukani. Nikisikia Bipin anasema halo, najua watoto wangu bado wana kitu."

"Kwa nini husemi naye?"

"Akijua ni mimi, ataizima."

Tryphosa alimwonea huruma kweli. Kisha akakumbuka ule mlango mmoja.

"Na Kemuma? Ulijua wanavyosema juu ya mwanga."

"Nilijua." Gladys alifunika uso. "Kila siku nilisema leo ni ya mwisho. Nikitokea niseme ni mimi, nimevunja mila, nimemwibia marehemu, na simu imeenda. Nilidhani watachoka."

"Hawajachoka. Wanangoja jua." Tryphosa alimshika mkono. "Sikiliza. Bipin ameniambia kwa kinywa chake kwamba Manasseh alikuwa mkurugenzi. Amewaambia watu wa kodi hivyo hivyo, ndiyo maana gharama za hii simu zilikubaliwa. Hawezi kuwa mkurugenzi kwa kodi na dereva kwako. Hilo nitalisema mahakamani. Simu imeshafanya kazi yake. Sasa twende uwaonyeshe."

"Watanifanya nini?"

"Hakuna. Wakiona ni simu wataona aibu, waende makwao."

Alisema hivyo kwa uhakika kabisa. Hata hivyo ilimchukua mchana mzima kumwinua mwanamke yule kwenye kigoda, na Land Rover ilikuwa haijafika.

Ukungu ulirudi na jioni. Walisimama mbele ya nyumba ya Kemuma, mlango umefungwa, moshi mwembamba ukitoka paani. Gladys aliweka paji la uso kwenye mbao.

"Magokoro," alisema. "Mwanga ni wangu. Nilijua wanakuja kwako, nikanyamaza. Nisamehe."

Mlango haukufunguliwa. 

Kanisani upande wa pili wa bonde wimbo wa mwisho uliisha, na Sabato ikaisha nao. Muda si mrefu zikasikika nyayo nyingi, bila mazungumzo, bila kelele. Tryphosa angependa wapige kelele. Walitokeza kwenye ukungu mmoja mmoja, wakiwa bado na suti zao za kanisani, wengine wamebeba mafungu ya nyasi kavu. Ogoti alikuwa mbele na mtungi wa mafuta ya taa.

"Simameni hapo!" Tryphosa alisema. "Moto mnaoutafuta uko hapa. Si wa mama huyu. Gladys, waonyeshe."

Gladys alitoa simu kifuani, akabonyeza. Nuru ya kijani ikamwangazia kidevu na macho. Kundi lote likarudi nyuma hatua moja, kama mtu mmoja.

Tryphosa alingoja aibu iwaingie. Alingoja mtu acheke.

Ogoti aliweka mtungi chini polepole.

"Shemeji," alisema. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Niliitoa mfukoni mwake kabla hujapiga misumari."

"Mimi niliiweka. Mimi nilifunga. Nilikuwa pale, sikukuona."

"Kaburi halijaguswa!" Tryphosa alidakia. "Nimelikagua leo. Nendeni mkaangalie, nyasi zimeota."

"Omorogi hahitaji jembe, Madam," mtu alisema nyuma, kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia.

"Piga basi," Ogoti alimwambia Gladys. "Kama ni simu, ongea na mtu."

Gladys alibonyeza, akaiweka sikioni. Akabonyeza tena. Walikuwa chini ya kilima, mahali ambapo mtandao haushiki, na Tryphosa alilijua hilo tangu jana na hakulifikiria hata kidogo. Kitu kile kiliendelea kuwaka kijani mkononi mwa mjane, bila sauti yoyote.

"Basi ni wewe," Ogoti alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu ambaye swali lake limejibiwa, na hilo ndilo lililomtisha Tryphosa kuliko mafuta ya taa. Alikuwa amekuja kuwaondolea mchawi wao, na amewaletea mwingine kwa mkono wake mwenyewe, mwenye moto mkononi na mume kaburini. Alichomoa bastola na kujipenyeza mbele ya Gladys. Vijana hawakuitazama bastola. Walimtazama Gladys, na duara likaanza kusogea.

Nyuma yake mlango ulifunguliwa kwa upana wa mkono tu. Kemuma alitoa mkono wake mkavu, akamshika Gladys kwenye bega la gauni.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Kitanda kinatosha watu wawili."

Akamvuta ndani. Tryphosa alisikia komeo likishuka, kisha kitu kizito kikiburutwa mpaka mlangoni, na yeye akabaki nje.